Mjomba, nichukue simu ya megapikseli 200 kwa mkopo?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Kihonda, Morogoro. Kazi yangu ni picha. Siku za wiki nakaa kibandani napiga pasipoti saizi za wanafunzi na wanaoomba kazi, wikendi nazunguka na shughuli: kitchen party, sendofu, kipaimara, arobaini, chochote kitakachokuja. Natumia simu. Nilianza nayo kwa sababu kamera kubwa sikuiweza bei, na mpaka mwaka jana hakuna mteja aliyelalamika. Ina miaka mitatu sasa, nyuma imeandikwa megapikseli 50 na ina kamera tatu, ingawa ukweli ni kwamba inayopiga vizuri ni moja tu.

Mambo yameharibika mwaka huu. Kuna kijana wa hapa hapa Kihonda kaingia kwenye kazi, anatumia simu mpya hizi za megapikseli 200. Yeye na mdogo wake anayembebea taa wanapita kwenye kumbi zangu zile zile, na wateja wangu wawili wameshahamia kwake. Mmoja ni mama niliyempigia sendofu ya binti yake mkubwa. Ilipofika zamu ya binti wa pili akaniambia, "Mwanangu, usinifikirie vibaya, mwenzio ana simu ya kisasa." Siku hizi mtu akinipigia, swali la kwanza si bei, ni "Unatumia simu gani?" Nikiitaja tu, nasikia sauti inapoa.

Na Mjomba, nisijidanganye, picha zangu za ukumbini haziniridhishi hata mimi. Nje, mchana, ziko safi kabisa. Ndani, DJ akishazima taa nyeupe na kuwasha zile za zambarau, zinajaa chengachenga, anayecheza anatoka kama moshi, na sura zinalainishwa mpaka mama wa miaka 60 anakuwa kama mwanasesere. Kuna moja ya bibi harusi anamlisha mama yake keki. Keki imetoka vizuri, lakini mkono huwezi kujua una vidole vingapi. Hiyo ndiyo iliyoishia kwenye grupu la kamati, watu wakaweka vicheko.

Sasa kuna wakala wa simu za mkopo amenifuata kibandani. Simu hiyo taslimu ni 1,150,000. Kwa mkopo natanguliza 300,000, halafu nalipa 4,000 kila siku kwa mwaka mzima. Hiyo 4,000 si pesa, ni pasipoti za mtu mmoja. Anasema ofa ni mpaka Ijumaa. Hela ya kutanguliza ninayo kwenye kikoba, ila nikiitoa sasa nakosa mgao wa Desemba. Na mwenyekiti wa kikoba ni mama yangu mzazi, hataki hata kusikia. Yeye anasema simu ni simu. Tumenuniana, tunaongea kwa kupitia mtoto wa dada.

Kila nikifungua Instagram tangazo la simu hiyo linanijia. Bibi harusi amesimama nje usiku, taa za mji nyuma yake zimekuwa duara duara, na kila shanga ya gauni unaihesabu. Nikilitazama najisemea, hii ndiyo picha ninayoitaka.

Nichukue, Mjomba? Na mteja anayeniuliza simu gani nimjibu nini?

Ni mimi,
Mpigapicha wa Kihonda


Marahaba mpwa wangu, na pole na mnuno wa nyumbani.

Usichukue. Mkopo huo uache, na hiyo Ijumaa isikukimbize. Lakini nisikukatie hapo, kwa sababu barua yako ina kitu umekiandika kwa mkono wako mwenyewe kisha ukakipita: kijana yule anatembea na mdogo wake anayembebea taa.

Umemtaja dogo kama mtu wa kubeba mizigo. Mimi namwona ndiye mpigapicha mkuu wa kampuni ile. Mpe kaka yake simu yake ya megapikseli 200, mwingize ukumbini peke yake, DJ awe ameshawasha zambarau, utaona naye anatoa moshi. Kisha wewe, na simu yako hiyo hiyo ya miaka mitatu, nikukabidhi dogo na taa yake. Mkono wa bibi harusi utakuwa na vidole vitano.

Acha nikueleze kinachotokea mle ndani, maana ukikijua hutauziwa tena mbuzi kwenye gunia. Giza likiingia, kamera yoyote ina njia mbili za kujiokoa. Ya kwanza ni kukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi, tuseme sehemu ya 15 ya sekunde badala ya sehemu ya 200. Jengo halina neno, halichezi. Mama anayejimwaga katikati ya ukumbi, mkono wake ndani ya muda huo umeshasogea, na kamera imeurekodi safari nzima. Ndiyo moshi wako. Njia ya pili ni kukuza kwa nguvu mwanga kidogo uliopatikana, ile namba inayoitwa ISO, na ukikuza unakuza na takataka zake. Ndizo chengachenga.

Halafu programu ya simu inaziona chengachenga hizo na kuzipaka zipotee. Ila haijui ipi ni chenga na ipi ni kunyanzi la mama wa watu au mshono wa kitenge chake, basi inafuta vyote. Hapo ndipo mwanasesere anapozaliwa. Kama ile sehemu ya urembo umeiacha imewashwa, kazime leo hii, maana hiyo inaongeza kulainisha juu ya kulainisha, na simu nyingine inang'arisha ngozi za watu weusi bila kuombwa. Modi ya usiku nayo inapiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja. Ni nzuri kwa maharusi waliosimama wametulia nje ya ukumbi. Kwa watu wanaocheza haikusaidii.

Katika yote hayo, umesikia nikitaja megapikseli?

Nyuma ya lenzi ya simu kuna kipande kidogo kinachopokea mwanga, tukiite kihisi. Ukubwa wa kipande hicho ndio mali. Megapikseli ni idadi ya vijichumba vilivyokatwa juu yake. Sahani moja ya pilau ukiigawia watu 12 au ukiigawia watu 200, wali ni ule ule, kinachopungua ni tonge la kila mtu. Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo. Samsung ilipotoa Galaxy S20 Ultra mwaka 2020 ikiwa na megapikseli 108, simu kwa kawaida ilikuwa inaunganisha vijichumba 9 kuwa kimoja na kukupa picha ya megapikseli 12. Mwaka 2023 ikaja S23 Ultra na 200 zake: hapo vinaunganishwa 16 kuwa kimoja, unapata 12 na nusu. Zile 200 zote zipo, unaweza kuziita kwenye mipangilio, lakini zinataka jua la mchana, na faili lake linajaza simu mpaka ikatae kupiga kabla MC hajaita kamati ya mapambo.

Wewe una 50. Simu nyingi za 50 zinaunganisha 4 kuwa kimoja. Gawa mwenyewe: 12 na nusu. Gizani, wewe na jirani yako mnatoa picha za ukubwa mmoja.

Na usidhani 12 ni ufukara. Apple walikaa kwenye megapikseli 12 kwa kamera kuu ya iPhone tangu 6s ya mwaka 2015 mpaka 13 ya mwaka 2021, wakati Nokia 808 ilikuwa na 41 tangu 2012. (Nokia ile, tuipe haki yake, ilikuwa na kihisi kikubwa hasa.) Miaka yote hiyo watu waliuza magari na viwanja kwa picha za iPhone na hakuna aliyeuliza megapikseli ziko wapi. Kusafisha picha ya postikadi ya sentimita 10 kwa 15 vizuri kabisa, unahitaji megapikseli 2 na kidogo. Ukurasa mzima wa A4 hauzidi 9. Bango la ukutani hukuniambia kama unafanya.

Picha ya keki nayo imeonewa mara mbili, kwa sababu umeituma WhatsApp kama picha ya kawaida. WhatsApp inaibana mpaka inabaki na kama megapikseli 2, na ikisambazwa grupu hadi grupu haiongezeki. Tangu mwaka 2023 kuna kitufe cha HD unapotuma, kitumie. Bora zaidi, itume kama dokumenti, inafika kama ilivyotoka kwenye simu yako. Mteja mpe maelekezo hayo hayo. Nimeona wapigapicha wazuri wakivunjiwa heshima na WhatsApp tu.

Tuje kwenye tangazo lako la Instagram. Nakuomba ulifungue tena, ulisimamishe, usome maandishi madogo kule chini. Mara nyingi utakuta yameandikwa kwamba picha ni kwa ajili ya mfano. Hata yasipoandikwa, biashara hii ina historia.

Mwaka 2012 Nokia walitangaza Lumia 920, simu iliyosifiwa kwamba video zake hazitikisiki. Kwenye tangazo kuna binti anaendesha baiskeli kandokando ya mto, kijana anamfuata kwa baiskeli nyingine akimrekodi kwa simu, na video imetulia tuli. Watu wenye macho wakaona, binti anapopita mbele ya kioo cha dirisha, kwenye kioo kile kunaonekana gari jeupe na ndani yake mtu ameshika kamera kubwa. Hakukuwa na simu. Nokia wakaomba radhi. Mwaka 2016 Huawei, walipokuwa wakiipigia debe simu yao ya P9 yenye jina la Leica, watengenezaji wa kamera wa Ujerumani, waliweka mtandaoni picha nzuri ya binti kwenye jua la asubuhi, kwa maneno yaliyomfanya msomaji aamini ni kazi ya simu hiyo. Walisahau kwamba faili la picha lina taarifa ndani yake. Watu wakalifungua: Canon 5D Mark III, kamera kubwa ya studio, na lenzi ambayo peke yake inaishinda simu ile bei. Picha ikaondolewa. Miaka miwili baadaye, tangazo la Nova 3 ya kampuni hiyo hiyo lilirekodiwa Misri, mke na mume wakijipiga selfi. Mwigizaji wa kike akaposti picha za nyuma ya pazia. Ndani yake mume amenyoosha mkono mtupu, hakuna simu, na mbele yao yuko jamaa na kamera kubwa anapiga.

Hao ni walionaswa. Wapo na wasiodanganya, na kwako nadhani hao ndio hatari zaidi. Oktoba 2023 Apple walionyesha hafla yao ya kutangaza kompyuta mpya, na mwisho wakaandika kwamba yote imerekodiwa kwa iPhone. Ni kweli, na wakatoa na video ya jinsi walivyofanya. Itafute uitazame. Utaiona simu imefungwa kwenye winchi na vitoroli na droni, na taa zimeizunguka kila upande. Simu ilikuwa ya kweli. Ila ukizihesabu taa zile, kwa Morogoro ni harusi za mwaka mzima.

Bibi harusi wako wa kwenye tangazo, basi, hata kama amepigwa kwa simu hiyo hiyo, ujue kuna watu wamesimama na taa nje ya fremu. Zile duara duara za mji kwa nyuma zinatokana na lenzi kubwa, au kwa simu ni mahesabu ya programu inayokata mtu na kuvuruga nyuma yake. Ijaribu programu hiyo kwa shela. Itakata kipande cha shela na kukivuruga pamoja na ukuta, na kipande cha ukuta itakibakiza kimeng'ang'ania nywele.

Kuna na hili la mwezi. Mwaka 2023 mtu mmoja alichukua picha ya mwezi, akaiharibu makusudi kwenye kompyuta mpaka ikawa doa lisilo na kitu, akaiweka kwenye kioo cha kompyuta, akazima taa za chumba, akaipiga kwa Galaxy yenye zumu ya mara 100. Simu ikamrudishia mwezi wenye mashimo yake yote, ambayo kwenye ile picha hayakuwepo. Samsung wakaeleza kwamba programu yao inautambua mwezi na kuuongezea undani. Kwa mwezi, mimi sina ugomvi, mwezi ni mmoja na hautalalamika. Lakini sura ya mama mkwe ikiongezewa undani ambao si wake, atakayeitwa ni wewe.

Nisiwaonee. Simu mpya zimepiga hatua za kweli. Vihisi vya simu nyingi za bei kubwa ni vikubwa kuliko vya zamani, na lenzi zinatulia vizuri mkono ukitetemeka. Google tangu Pixel 6 ya mwaka 2021 walifanya kazi mahususi ili ngozi nyeusi itoke kama ilivyo. Hatua hizo zina faida kwako kuliko namba 200, na bahati mbaya hazitoshi kwenye bango la barabarani. Namba inatosha. Na kamera tatu za nyuma ya simu yako, zile mbili usizozitumia, inawezekana ni zile za megapikseli 2, moja ya vitu vya karibu na nyingine ya kupimia umbali. Ziliwekwa ili boksi liandikwe kamera tatu.

Sasa mkopo. Umesema 4,000 si pesa. Mara siku 365 ni 1,460,000. Ongeza 300,000 ya kutanguliza: 1,760,000. Simu ya 1,150,000. Umeongeza 610,000 juu, zaidi ya nusu ya bei. Wakala hakukufichia, amekupa tu hesabu kwa vipande vidogo.

Na pasipoti ya mtu mmoja kwa siku unaihesabu kwa siku za kawaida. Kwaresima ikiingia harusi za kanisani zinasimama, Ramadhani ikiingia za Waislamu zinasimama, na miaka hii zimekuwa zikigongana, kwa hiyo kumbi zinalala kwa mpigo. Shule zikifungwa pasipoti zinapungua. Ile 4,000 haifungi Kwaresima. Ukichelewa, simu hizi za mkopo zinafungwa kwa mbali, kioo kinakuonyesha ujumbe wa kulipa na hakuna kingine. Waza Jumamosi saa mbili usiku, keki iko mezani, kioo kimejifunga, na picha za kanisani za mchana ziko mle mle ndani. Kama kuna sababu moja tu ya kukataa, kwangu ni hiyo. Simu ya kupigia umbea ikifungwa utaazima ya jirani, lakini hii ndiyo kazi yako.

Mama yako anasema simu ni simu. Hapo hapana, simu si sawa. Ila kwenye hesabu amekushinda, na ukimwonyesha ile 610,000 kwenye karatasi nadhani mtoto wa dada atapumzika.

Ufanye nini? Anza na taa. Tafuta taa ya LED ya video, ile ya bapa inayotumia betri, yenye kitufe cha kupunguza mwanga na cha kubadili rangi kutoka nyeupe kwenda ya manjano. Bei yake haifiki hata hiyo ya kutanguliza. Usiiweke juu ya simu, itampiga mtu usoni na kumfanya aonekane amekamatwa. Tafuta wa kuibeba, awe pembeni, taa juu kidogo ya kichwa cha anayepigwa, na mbele yake itandaze kitambaa chembamba cheupe ili isichome. Mlipe msaidizi wako, hata kidogo. Jirani yako amekutangulia kwa hilo tu.

Kisha fika ukumbini mapema umwone DJ na mtu wa taa kabla hawajalewa sifa. Waombe vipindi vitatu vya taa nyeupe: maharusi wakiingia, keki, na zawadi. Dakika chache tu kila kimoja. MC mweleze pia, kwa sababu MC akisema "keki, tafadhali taa", taa zinawaka, na ukiomba wewe hakuna anayesikia. Kwenye simu, bonyeza uso wa mtu kwenye kioo kabla ya kupiga, shusha mwanga kidogo kwa kidole ili gauni jeupe lisiungue. Tumia kamera kuu tu, usivute zumu, sogea kwa miguu. Na ufute lenzi. Mtu ameshika pilau, ameshika simu, ameweka mfukoni na mafuta ya nywele: nusu ya ukungu unaouona kwenye taa ni kidole chako.

Desemba mgao ukitoka, hapo ndipo tuzungumze kamera. Mimi ningeangalia kamera kubwa ya mtumba badala ya simu mpya. Chukua mfano wa Canon 700D, ilitoka mwaka 2013, megapikseli 18 tu. Kihisi chake ni milimita 22 kwa 15 hivi. Kile cha S23 Ultra yenye 200 ni takriban milimita 10 kwa 7, na simu za bei ya kati zenye 200 mara nyingi zina kidogo kuliko hicho. Yaani kamera ya zamani inapokea mwanga kwenye eneo kubwa zaidi ya mara nne. Ivalishe lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, yaani tundu lake linafunguka sana na kuingiza mwanga mwingi, ambayo ndiyo lenzi ya maskini duniani kote, na zile duara duara za tangazo utazipata bila programu kukukatia shela. Kabla ya hapo, ikodi kwa mwenzako kwa wikendi moja yenye kazi ndogo, uone kama mkono wako unaipenda. Wengine wanarudi kwenye simu, na hakuna dhambi.

Ukienda kununua ya mtumba, iwe Kariakoo au popote, nenda na memori kadi yako. Vua lenzi, imulike na tochi ya simu utazame kama ndani kuna utando wa kuvu, hasa iliyotoka Pwani. Uliza imeshapiga picha ngapi, maana kamera nyingi za daraja hilo zimetengenezwa kwa makadirio ya kama laki moja, na usiridhike na mdomo, iunganishe kamera na kompyuta kwa waya ukakague namba hiyo kwa programu, maana kwa Canon nyingi faili la picha peke yake haliitaji. Piga pia ndani ya duka kwenye kona yenye giza. Muuzaji atakuita nje kwenye jua. Kataa.

Mteja akikuuliza simu gani, usianze kutaja. Msafishie picha moja ya ukumbini, ya usiku, A4, iliyopigwa na taa yako mpya, iweke kwenye bahasha, na nyingine mbili ndogo. Mwambie, "Mama, naomba nipite nikuonyeshe." Akiwa ameishika mkononi swali la simu halirudi, na likirudi mtajie tu, ni simu yako na imefanya kazi hiyo anayoiangalia. Yule mama wa sendofu mpelekee na yeye. Bado ana mabinti?

Na kama siku moja utaamua kununua simu mpya hata hivyo, kwa sababu ya zamani imechoka, nunua taslimu, subiri toleo linalofuata litoke ili hili lishuke bei, na usilipe kabla hujabonyeza *#06#. Namba itakayotokea ifanane na ya kwenye boksi, itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 wakujibu ni simu ya aina gani. Jibu lisipotaja aina uliyoshika mkononi, rudisha. Na risiti iwe ya EFD, yenye namba hiyo, si kile kikaratasi cha kalamu.